Jengo la Maada na Maneno Yake

Jengo ambalo bado halina hata tofali moja tayari lina jina, na jina hilo kwa Kifaransa ni fupi: science des matériaux. Kwa Kiswahili nililitafuta kwa muda wa majuma matatu. Mwanzoni mwa masika, kamati ndogo inayopanga jengo jipya la utafiti na mafundisho ya sayansi hiyo katika chuo chetu ilikuja kwenye fakulte ya lugha kuomba mwanafunzi mmoja. Kazi ilikuwa kutafsiri muhtasari wa mradi, kurasa sita, ili usomwe mbele ya watu wanaofanya kazi na kuuza vitu karibu na kiwanja: mazamu, wasafishaji, mama wa maandazi, vijana wa makala wanaopita na kinga zao. Mwalimu mmoja alinitaja mimi. Nataka kueleza hapa yale niliyoyaona katika kazi hiyo, kwa sababu naona yanatuhusu sisi wa lugha zaidi ya tunavyodhani.

Nianze na jina lenyewe. Kamusi zinatupa maneno kadhaa na kila moja lina kasoro. Vifaa ni neno jema, na watu husema vifaa vya ujenzi bila shida, lakini ukisema sayansi ya vifaa msikilizaji anawaza mashine, darubini na nyundo, yaani vitu vya kufanyia kazi. Nyenzo linafanana nalo: asili yake ni kile unachosukumia au kuinulia mzigo. Malighafi ni kitu kabla hakijatengenezwa. Kinaishia mlangoni mwa kiwanda, wakati sayansi hii ndipo inapoanzia. Maada ni neno la wanafizikia, lina upana wa kutosha, lakini mtu wa Kenya au Katuba hajawahi kulisikia sokoni. Mafundi wetu wa ujenzi hutumia neno la Kifaransa na kuendelea na kazi. Nikaweka maada katika rasimu, nikaacha alama ya penseli pembeni.

Ili nitafsiri ilinibidi nielewe, kwa hiyo nilikaa siku mbili na asistanti wa wahandisi. Alinieleza kwamba elimu yao inauliza mambo manne juu ya kila kitu: kimepangwa namna gani ndani, kimetengenezwa kwa njia gani, kina tabia gani, na kitafaa kwa kazi ipi mpaka lini. Mambo hayo manne yamefungamana. Ukigusa moja, mengine yanabadilika. Akanipa mfano wa shaba, kwa kuwa hapa Lubumbashi hakuna mfano mwingine unaokuja haraka. Shaba safi hupitisha umeme vizuri mno. Ukiachia ndani yake fosforasi au chuma kidogo tu, umeme unapita kwa shida. Ukichanganya shaba na bati unapata shaba nyeusi, iliyo ngumu kuliko shaba na kuliko bati. Ukiivuta shaba kuwa waya inakuwa ngumu, ukiipasha moto tena inalainika. Kitu ni kilekile, tabia zimebadilika kwa sababu ya njia.

Nilipomsikia nilikumbuka kwamba elimu hii haikushuka hapa na ndege. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta misalaba ya shaba iliyowekwa pamoja na maiti, na misalaba hiyo ilitumika kama mali na kama fedha. Wazee wa Katanga waliyeyusha malakiti katika tanuri zilizojengwa kwa udongo wa kichuguu, udongo uleule ambao mpaka leo watu wa pembeni mwa mji wanaufyatulia matofali. Jean-Félix de Hemptinne, askofu wa Katanga, aliandika juu yao mwaka 1926 akiwaita walaji wa shaba. Mtu aliyechagua udongo wa kichuguu kwa tanuri, akaacha udongo wa mtoni, alikuwa anajua lipi linastahimili moto na lipi linapasuka. Alikuwa na maneno ya kumfundishia mwanawe. Neno mukuba, ambalo bibi zetu walilitumia kwa shaba, limebaki. Mengi mengine yamekwenda na waliokuwa wakiyasema.

Kisha ikaja tanuri kubwa. Shaba ya kwanza ya kiwanda cha Lubumbashi ilimwagwa mwaka 1911, na mji ukakua ukitazama bomba lake la moshi na kile kilima cheusi cha takataka za madini. Mafundi wa kizungu waliandika kila kitu kwa Kifaransa au Kiingereza. Wafanyakazi waliotoka Kasai, Rhodesia, Ruanda-Urundi na vijiji vya hapa walisemezana kwa Kiswahili, na Johannes Fabian ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi lugha hiyo ilivyokuwa chombo cha kazi na cha amri. Kwa hiyo tulipata Kiswahili cha kusukuma toroli na kuitikia wito wa king'ora. Kiswahili cha kueleza kwa nini chuma kinaoza na shaba haiozi namna ileile hatukupewa, na sisi wenyewe hatukukaa chini kukitengeneza.

Mwaka huu swali hilo lina haraka. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchini kwetu, na sehemu kubwa sana inatoka Kolwezi na maeneo ya jirani. Kila mtu anajua kwamba inaondoka ikiwa bado haijakamilika. Jina lake linachekesha: wachimbaji wa Ujerumani wa zamani waliliita jiwe hilo kwa jina la kobold, jini mdogo wa mgodini, kwa kuwa lilionekana kama lina fedha na kumbe halina, na moshi wake uliwadhuru. Mwaka 2021 wachambuzi wa BloombergNEF walikadiria kwamba kiwanda cha kutengeneza unga wa awali wa betri, chenye uwezo wa tani 10,000, kingegharimu dola milioni 39 hapa Kongo, theluthi moja tu ya gharama yake Marekani. Mwaka 2022 Kongo na Zambia zikatia sahihi mapatano ya kufuatana katika mnyororo huo wa betri, na mwaka huohuo kituo cha Kiafrika cha utafiti wa betri kikazinduliwa hapa Lubumbashi. Kiwanda bila watu wanaojua kupima, kuchanganya na kuvunja ili kuona kilichomo ndani, kitakuwa ghala la mashine za wengine. Ndiyo sababu chuo chetu nacho kinataka jengo.

Jengo la namna hii si oditwari yenye viti vingi. Asistanti alinifungulia macho kwa jambo moja ambalo sikuwahi kulifikiria: sakafu. Mtu huanza kuhisi mtetemo wa sakafu unapofika karibu mikromita 100 kwa sekunde. Darubini kali za elektroni, zile zinazokaribia kuonyesha atomi zilivyojipanga, zinataka sakafu isiyozidi mikromita 3 hivi kwa sekunde. Mtu anayetembea kwenye ukorido anaweza kuharibu picha. Lifti inaweza kuiharibu, kwa mtetemo na kwa sumaku yake. Basi vyumba hivyo huwekwa chini kabisa, juu ya zege nzito lililotengwa na sehemu nyingine za nyumba, mbali na barabara. Betri za lithiamu zinataka jambo jingine: zinafungwa ndani ya masanduku ya kioo yaliyojaa gesi ya agoni, mtafiti akiingiza mikono katika glavu zilizoshonwa ukutani mwa sanduku, na humo ndani mvuke wa maji hautakiwi kuzidi sehemu moja katika milioni. Fikiria hilo katika mji ambao masika yake yanalowesha hata daftari kabatini, na kiangazi chake kinaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya sukari. Halafu ongeza delestaji. Chumba kikavu kinachokatiwa umeme saa sita si kikavu tena.

Katika kurasa zile sita kulikuwa na mfano wa kulinganisha: jengo la grafini la Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, lililofunguliwa mwaka 2015 kwa gharama ya pauni milioni 61. Chumba chake kikubwa kisicho na vumbi kimewekwa chini ya usawa wa ardhi kwa ajili ya mtetemo, na mmoja wa waliokaa na wachoraji tangu mwanzo ni Konstantin Novoselov, ambaye mwaka 2010 alipata Nobeli pamoja na Andre Geim kwa kazi ya grafini. Jambo lililonishika zaidi ni ukuta wa nje. Umevishwa mabati meusi ya chuma kisichooza, na tundu zilizotobolewa humo zinaandika kanuni za grafini. Nyumba imeandikwa lugha yake usoni. Nikajiuliza: yetu itaandikwa nini, na nani ataweza kuisoma?

Mkutano na majirani ulifanyika siku ya Posho, chini ya miembe, kabla ya jua kali. Nilisoma tafsiri yangu polepole. Nilipofika kwenye sayansi ya maada niliona nyuso zimefungwa. Mama mmoja anayepika maandazi karibu na njia alinyanyua mkono. Mbele yake alikuwa na mbabula yake, bado ya moto.

"Mwanangu, weye uko nasoma muzuri," akasema, "lakini ile maada ni nini? Ni kujua kintu kiko namna gani mu ndani, na kitapasuka siku gani?"

Asistanti, aliyekuwa ameketi pembeni yangu, aliandika maneno hayo neno kwa neno. Nami nikamuuliza mama kwa nini amesema hivyo. Akatuonyesha mbabula. Ile ya zamani, akasema, ilikatwa kutoka kwenye pipa. Ikatoboka chini kabla ya mwaka kwisha. Hii imetengenezwa kwa rimu ya gurudumu la gari. Ina miaka mingi na bado. Moto ni uleule, makala ni yaleyale. Chuma ndicho tofauti, na unene wake. Kwa dakika tatu mama yule aliwafundisha majirani wake yale mambo manne ambayo mimi nilikuwa nimeyafunga katika neno moja la kamusi. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena sayansi hiyo ni nini. Waliuliza kama watoto wao wataipata.

Zamu mmoja mzee ndiye aliyebadilisha ramani. Mradi ulikuwa umechagua upande wa barabara kubwa, ili jengo lionekane na wageni. Wapimaji walikuwa wamekwisha kuja na vyombo vyao, mchana, siku mbili, na karatasi ilisema mtetemo si mkubwa. Mzee alisikiliza nilipotafsiri sehemu hiyo, akatikisa kichwa.

"Bana, mchana haiko kintu. Makamyo ya madini inapitaka bushiku. Malata ya kibanda yangu inatetemaka mpaka asubui."

Papa huyo analala macho katika kibanda hicho tangu miaka mingi. Alieleza saa ambazo magari mazito huanza kupita na saa yanapopungua. Alieleza kwamba kiangazi ni mengi kuliko masika kwa sababu ya njia za porini. Alieleza hata shimo la barabarani ambalo kila gari linalianguka na kila mara glasi yake ya maji inachora duara. Profesa aliyeongoza kamati alivua miwani. Darubini za namna ile mara nyingi hufanya kazi usiku, maana ndio wakati ambapo watu hawatembei na umeme hautikisiki sana. Vipimo vya mchana vilikuwa vimejibu swali ambalo halikuwa lenyewe. Kamati iliwatuma wapimaji warudi, usiku, na mzee awaonyeshe pa kuketi.

Mama wa makala na mboga waliongeza jambo la maji. Upande wa pili wa kiwanja, ule ulio mbali na barabara, kuna sehemu ambayo mwezi wa pili maji yanakaa juu ya udongo majuma mazima, wakati pale penye kichuguu kikubwa hapatuami maji hata siku moja. Wahandisi wa udongo wangeligundua hilo baadaye kwa kuchimba; majirani walilisema bure, katika nusu saa, kwa sababu mkutano ulikuwa kwa lugha yao. Kabla ya siku hiyo kulikuwa na mikutano mitatu kwa Kifaransa, na watu haohao walikuwa wakipita nje ya dirisha.

Yote haya yangetosha kunifurahisha kama si ukurasa wa tano. Ukurasa huo ulihusu usalama, na ulikuwa na mistari minane. Ulisema kwamba maandishi ya tahadhari yatakuwa kwa Kifaransa na Kiingereza, kama yanavyokuja na mashine. Nilimuuliza asistanti nani huingia kwanza katika maabara asubuhi. Alifikiri kidogo, akasema: mama wa usafi, saa kumi na moja na nusu, kabla ya mtu yeyote.

Tuone chumba anachoingia. Kuna mtungi wa agoni. Agoni haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja inatulia chini na kujaa kama maji katika beseni. Kuna nitrojeni iliyogeuzwa kuwa maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Lita moja ikipata joto inakuwa karibu lita 700 za gesi. Gesi hizi si sumu. Zinamfukuza oksijeni chumbani, basi. Na mwili wa binadamu hautoi ishara, kwa kuwa kinachotufanya tuhisi kukabwa ni kaboni dayoksaidi inayojaa ndani yetu, wala si oksijeni inayopungua. Mtu anaanguka bila kukohoa. Mwenzake anakimbia kumwinua, anainama pale penye gesi, na yeye anaanguka. Mlangoni kuna kibao chenye maneno mawili ya Kifaransa yenye herufi nyingi. Mama yule anasoma Kiswahili cha Biblia yake kila jioni bila kukwama.

Nilipeleka hoja hiyo kwa kamati kwa maandishi. Jibu lilikuwa la heshima, na nitalieleza kwa haki. Walisema wafanyakazi wote watafundishwa. Kwamba alama za picha zinazotumika ulimwenguni kote zitawekwa. Kwamba lugha ya mafundisho ya chuo kikuu nchini ni Kifaransa. Na kwamba Kiswahili hakina maneno hayo. Hoja tatu za kwanza zina uzito. Picha inasaidia, ila mtu lazima aelezwe picha inasema nini, na maelezo hayo yatatolewa kwa lugha fulani. Mafunzo ni mema, ila mfanyakazi wa leo si wa mwakani, maana usafi mara nyingi ni kazi ya mikataba mifupi. Hoja ya nne ndiyo inayotuhusu sisi. Ni sisi tunaopaswa kuijibu, na haijibiwi kwa kukasirika.

Katika fakulte yetu wenyewe tuligawanyika tangu siku ya kwanza. Wengine walisema tuandike Kiswahili bora, kile cha vitabu, kwa sababu jengo litadumu miaka hamsini na litapokea wageni wa Dodoma na Nairobi. Wengine walisema tuandike kama watu wa hapa wanavyosema. Waliwakumbusha wenzao kwamba mwaka 1965 mtu wa hapa, André Yav, aliandika historia ya mji huu kwa niaba ya wafanyakazi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha mji huu, nayo inasomwa na kufundishwa mpaka ng'ambo. Badala ya kubishana hadi jioni, sisi wanne tuliandika sentensi kumi za tahadhari, kila moja kwa namna mbili, tukazipeleka kwa wasafishaji, mazamu na vijana wa bustani. Hatukuwauliza ipi ni nzuri. Tuliwauliza: ukiona hii mlangoni, utafanya nini?

Majibu yalitufundisha mengi. Neno hatari lilieleweka na wote, hakuna haja ya jingine. Asidi ilieleweka kwa sababu ya betri za magari. Watu wanajua inatoboa nguo. Gesi ndilo lililotupa kazi. Karibu kila mtu alilifahamu, lakini alilifahamu kwa ile ya kutawanyia watu barabarani, inayochoma macho na kukohoza. Kibao kinachosema hatari, gesi kinamfundisha mtu kungojea macho yamwashe ndipo akimbie, na agoni haitamwasha kamwe. Tukajaribu hewa isiyovutika. Wakacheka, wakasema hewa yote inavutika. Iliyoshika ilikuwa ndefu kidogo: Humu hewa inaweza kwisha na usijue. Usiingie peke yako. Mwenzako akianguka, usimfuate, ita watu. Walipoisoma, kila mmoja alisema jambo lilelile ambalo tulitaka aseme, wa Kiswahili bora na wa Kiswahili cha mtaa.

Nitrojeni nayo ilitushangaza. Tuliwaonyesha picha ya mtungi wake ukifuka moshi mweupe. Watu saba kati ya tisa walisema ni maji yanayochemka. Kwa macho wana haki, maana linachemka kweli, ila linachemka kwa baridi. Kwa hiyo neno la kwanza la kibao hicho haliwezi kuwa nitrojeni. Ni baridi: Baridi inayounguza. Sehemu ya kamusi ingekuja baadaye, kwa herufi ndogo, kwa ajili ya mwanafunzi wa sayansi.

Kwa kazi hiyo ndogo nimepata mawazo mawili juu ya istilahi, na ningependa walimu wetu wayapime. La kwanza ni kwamba swali bora au la mtaani huwa kubwa tunapozungumza juu ya lugha kwa jumla, na hupungua sana tunapokuwa na mlango mmoja na mtu mmoja mbele yake. Kati ya sentensi zetu kumi, saba ziliishia kuwa zilezile kwa pande zote mbili. La pili ni kwamba neno geni haliogopeshi kama lina kazi ya kufanya. Agoni, lithiamu, kobalti: vijana wa bustani waliyashika kwa asubuhi moja. Lililowashinda ni sentensi iliyojengwa kwa Kifaransa na kuvishwa viambishi vyetu. Tunajisumbua sana na nomino, na huenda ugonjwa wetu uko kwenye sentensi.

Mpaka ninapoandika haya, hali ni hii. Vipimo vya usiku vilifanywa, na karatasi mpya ikampa zamu haki. Vyumba vya darubini vimehamishwa kwenye mchoro mpaka upande wa kichuguu, na upande wa barabara umebakiwa na madarasa, maktaba na ofisi, ambavyo havisumbuliwi na makamyo. Mchoraji ameongeza mfereji upande wa maji. Njia ya mama wa maandazi imeachwa ipite, baada ya maneno mengi. Vibao vya Kiswahili vimewekwa katika awamu ya pili. Sote tunajua awamu ya pili ni nini katika nchi yetu: ni mahali ambapo mambo mazuri hupelekwa kupumzika.

Sitaki tungojee huko. Vibao si ghali. Ubao na rangi havilingani na bei ya bomba moja la mashine hizo. Kinachochukua muda ni kazi ya kupata sentensi sahihi, na kazi hiyo ni ya fakulte yetu, haihitaji zege likauke. Naomba mambo matatu. Walimu wakubali kazi za mwisho wa mwaka juu ya lugha ya maabara, zilizopimwa na watu watakaoitumia, kama wanavyokubali kazi juu ya methali na majina ya watu. Wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu waungane nasi wanne ili sentensi kumi ziwe hamsini, kutoka kwenye asidi ya floridi mpaka kwenye tanuri la nyuzi elfu moja. Na kamati ya jengo itupe kiti kimoja, hata cha nyuma, katika mikutano yake, tukiwa pale kama fundi bomba anavyokuwa pale, kwa sababu kuna kitu kitavuja kama hayupo.

Juu ya jina, nilifuta ile alama ya penseli. Tafsiri yangu ya mwisho inasema elimu ya maada, na chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule, kujua kitu kiko namna gani ndani na kitapasuka lini. Kamati haikubadilisha hata neno. Asistanti ameniambia kwamba mwaka huu amefungua somo lake la kwanza kwa sentensi hiyo, kisha ndipo akageukia ubao na kuanza kwa Kifaransa.